Tipo Tipo alikuwa mjukuu wa nani? Swali la asili ambalo Maniema bado inalibeba

KINDU, Maniema – Watu wawili wasiojuana wakikutana hapa Kindu, swali halichelewi: wewe ni wa kwa nani? Mmoja atajibu kwamba ni Mukusu, mwingine Mulega, Musongola, Muzimba, Mungengele, Mubangubangu, Mukumu, au Mugenya wa mtoni. Lakini ziko familia, katika komini za Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na zaidi kule Kasongo, Nyangwe na Kabambare, ambazo jibu lao si la neno moja. Wao husema: sisi ni wangwana. Ukiwauliza mungwana ni nani, unaanza safari inayofika Tabora, Unguja, hata Maskati, na mara nyingi inarudi na kuishia katika kijiji kilicho hapa hapa Maniema.

Huko Marekani, mtu anayetafuta babu aliyefika mapema hufungua orodha ya abiria wa merikebu Mayflower, iliyovuka bahari mwaka wa 1620. Majina yapo. Misafara iliyoingia Maniema toka pwani ya mashariki katika karne ya 19 haikuacha orodha ya namna hiyo. Wapagazi, askari, wapishi, wake na mateka walipita bila kuandikwa. Waliobaki na majina yao ni wakubwa wachache.

Mkubwa aliye maarufu kuliko wote ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye Kongo yote inamjua kwa jina la Tippu Tip, au Tipo Tipo. Yeye ana nasaba iliyoandikwa. Na ndani ya nasaba hiyo mna jambo ambalo watu wa Maniema wana haki ya kulijua: alipofika magharibi ya Lualaba, alidai kwamba yeye ni mtoto wa nyumbani, na kwa dai hilo akapewa utawala.

Kitabu cha Kiswahili

Habari nyingi za asili yake zinatoka kinywani mwake mwenyewe. Alipokuwa mzee, akikaa Unguja, Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyahamisha maneno hayo katika herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mnamo 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley alikitafsiri kitabu kwa Kiingereza, na mwaka wa 1974 padri François Bontinck, mwanahistoria aliyefanya kazi Kongo, alikitoa kwa Kifaransa pamoja na maelezo mengi. Kwa hiyo maisha ya mtu huyu, kama alivyoyasimulia mwenyewe, yaliandikwa katika lugha inayosemwa sokoni Kindu kila siku, kabla ya kutafsiriwa kwa Kifaransa.

Mwaka wake wa kuzaliwa hauna hakika. Vitabu vingine vinataja 1832, vingine 1837, na Bontinck aliweka karibu na 1840. Kifo chake kinajulikana vizuri zaidi: alifariki Unguja mwezi wa Juni 1905, kwa malaria. Nyumba yake bado imesimama Mji Mkongwe, upande wa Shangani.

Upande wa baba

Baba yake aliitwa Muhammed bin Juma. Babu yake alikuwa Juma bin Rajab el-Murjebi, na baba wa babu alikuwa Rajab bin Mohammed. Jina la el-Murjebi ni la ukoo wenye mizizi Omani. Mtu akiishia hapo atasema: basi, alikuwa Mwarabu, kazi imekwisha.

Lakini nasaba hiyo hiyo inamtaja mke wa Rajab. Mama huyo alikuwa binti ya Juma bin Mohammed el-Nebhani, mtu wa ukoo wenye heshima Maskati, na mwanamke Mwafrika wa Mbwamaji. Mbwamaji ni kijiji cha zamani cha pwani, kusini ya bandari ya Dar es Salaam, upande wa Kigamboni. Kwa hiyo, vizazi vichache kabla ya Tippu Tip, damu ya Omani ilikuwa imekwisha kuchanganyika na damu ya Mrima. Wazungu waliokutana naye waliandika juu ya rangi ya ngozi yake nyeusi, wengine kwa kushangaa. Hakukuwa na la kushangaza: alikuwa mtu wa pwani kama watu wengine wengi wa pwani.

Sayansi ya siku hizi imeonyesha kwamba mchanganyiko huo ni wa zamani sana. Mwezi wa Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vilivyotolewa katika mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania na sehemu za jirani. Watafiti walikuta kwamba kuanzia karibu mwaka wa 1000, watu wengi wa miji hiyo walikuwa na asili mbili. Upande wa akina mama, asili ilikuwa karibu yote ya Kiafrika. Upande wa akina baba, sehemu kubwa ilitoka Asia, kwanza Uajemi, na baadaye, baada ya 1500, Arabuni. Mfano wa mama wa Mbwamaji ni mmoja katika desturi iliyokuwa na miaka mamia: mgeni anakuja kwa biashara, anaoa hapo alipofika, watoto wanabeba jina la baba na wanasema lugha ya mama.

Baba yake Tippu Tip aliifuata desturi hiyo hiyo bara. Muhammed bin Juma alikaa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, akamuoa Karunde, binti wa nyumba ya Fundikira, mtawala wa Wanyamwezi wa huko. Kwa ndoa hiyo mfanyabiashara mgeni aligeuka kuwa mkwe wa sultani. Alipata ulinzi, alipata watu, na sauti yake ilisikilizwa katika mambo ya nchi. Hamed aliona mapema kwamba undugu unaweza kufungua mlango ambao bunduki inauvunja kwa hasara.

Upande wa mama, na hadithi ya Utetera

Mama yake anatajwa kama binti ya Habib bin Bushir el-Wardi, wa familia ya Kiarabu ya Maskati. Ndugu yake wa mama mmoja, Muhammed bin Masud el-Wardi, aliyepewa jina la Kumbakumba, naye alikuwa mfanyabiashara wa misafara.

Hapa ndipo hadithi inaingia Kongo. Baada ya kumshinda Nsama wa Itabwa mwaka wa 1867, Tippu Tip alipita nchi ya Kazembe na Urua, akaendelea kuelekea mto Lomami. Njiani alipata habari za nchi ya Utetera na mtawala wake mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. Alisikia pia habari ya msiba wa zamani katika nyumba hiyo: katika vita vya zamani na Waluba, dada wawili wa mtawala walichukuliwa mateka na hawakurudi tena.

Tippu Tip alifika kwa Kasongo Rushie akiwa na jibu la swali ambalo mzee huyo alikuwa ameishi nalo miaka mingi. Alisema kwamba babu yake, Habib bin Bushir, aliwahi kufika Urua, akanunua mwanamke huko na kumfanya suria wake. Mwanamke huyo, alisema, alikuwa mmoja wa wale dada waliopotea, na ndiye aliyemzaa mama yake. Kwa maneno mengine: mimi ni mjukuu wa dada yako, nimerudi nyumbani.

Mzee alikubali. Alimwachia utawala, na watu wakaamriwa kumletea mjukuu huyo pembe za ndovu. Haya yote yalikwisha kutendeka wakati Mwingereza Cameron alipofika Nyangwe mwezi wa Agosti 1874 na kukutana naye. Mtu aliyeingia kama mfanyabiashara alikuwa tayari mtawala wa nchi kati ya Lualaba na Lomami, na msingi wa utawala wake ulikuwa nasaba.

Je, ilikuwa kweli? Wanahistoria wengi wameisoma habari hiyo kama hila ya mtu mwerevu. Kitabu chenyewe kinatoa sababu ya kuwa na shaka, kwa kuwa Tippu Tip anaeleza namna alivyopata habari za dada hao kabla ya kufika kwa kaka yao. Lakini tuangalie kwa nini uongo wa namna hiyo uliweza kukubalika. Upande wa baba yake, kila mtu wa pwani angeweza kumsahihisha. Upande wa bibi aliyeuzwa mbali hakuna aliyeweza. Nani angekwenda Unguja kuuliza? Mwanamke aliyechukuliwa mateka hukatwa na watu wake, na hapo alipokatwa, yeyote anaweza kuingia na kusema mimi ni damu yake.

Biashara ya watumwa ndiyo iliyofanya shimo hilo katika nasaba za watu. Na mkubwa wa biashara hiyo ndiye aliyelitumia shimo hilo ili apate nchi.

Waliofika Nyangwe

Tippu Tip hakuwa wa kwanza kujenga Maniema. Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, ilikwisha kuwa kituo cha wafanyabiashara wa pwani katika miaka ya 1860, na Dugumbe ndiye anayetajwa sana kati ya wakubwa wake wa mwanzo. David Livingstone alifika hapo mwisho wa Machi 1871. Tarehe 15 Julai mwaka huo alishuhudia watu wenye bunduki wakipiga risasi ndani ya soko lililojaa watu, wengi wao wanawake. Wengine walizama mtoni wakijaribu kukimbia. Hesabu aliyopewa na Waarabu wenyewe ilikuwa kati ya watu 330 na 400.

Kwa mtu anayetafuta asili ya familia ya Maniema, siku hiyo ni sehemu ya habari. Vijiji vilivyopoteza mama zao sokoni ni vijiji vilivyopoteza pia watu wa kusimulia. Na watoto waliochukuliwa wakati wa mashambulizi ya miaka iliyofuata walilelewa Nyangwe na Kasongo, wakajifunza Kiswahili, wakatahiriwa, wakapewa majina mapya. Walipokua walishika bunduki au wakaongoza misafara. Waliitwa wangwana.

Pwani, muungwana ni mtu huru, si mtumwa. Maniema neno hilo lilipanuka. Lilimchukua Mwarabu, Mswahili wa Mrima, Mnyamwezi aliyekuja kama mpagazi, na Mukusu au Muzimba aliyeanza kama mateka. Lugha yao ikaitwa Kingwana, na ndiyo mama wa Kiswahili kinachosemwa leo Kindu na Kisangani. Kwa hiyo mtu akisema babu yake alikuwa mungwana, bado hajasema babu huyo alitoka wapi. Amesema aliingia katika maisha gani.

Ngongo Leteta ni mfano mkubwa. Alipitia utumwa akiwa kijana, akapanda hadi kuwa mkubwa wa vita wa Tippu Tip huko Lomami, kisha akahamia upande wa Dola Huru la Kongo. Maofisa wa dola hilo walimpiga risasi Ngandu mwezi wa Septemba 1893. Mpaka leo asili yake inabishaniwa: wengine wanasema alikuwa Musongye, wengine Mutetela, na Wakusu nao wanamhesabu kuwa wao. Ikiwa mtu maarufu kama yeye hana jibu moja, si aibu kwa familia ya kawaida kukosa jibu.

Waliotoka Maniema

Njia ile ile iliyoleta watu ilipeleka wengine. Kule Ujiji, kwenye ziwa Tanganyika, kuna watu wanaojiita Wamanyema tangu zaidi ya miaka mia moja. Wako pia Tabora, na Dar es Salaam mtaa wa Kariakoo una Msikiti wa Manyema. Bujumbura, mtaa wa Buyenzi umejulikana kwa Waswahili wake, na kati yao wapo wenye asili ya Kongo.

Wengi wa wahenga wao walikwenda huko kama mateka au wapagazi, wengine kama wafanyabiashara. Hapa hakuna kabila linaloitwa Manyema. Kuna Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na wengine. Kabila la Wamanyema lilizaliwa ugenini, na watu waliojua kwamba wametoka upande mmoja hata kama hawakutoka kijiji kimoja. Familia ya Kindu inayosema kwamba dada wa nkambo wao alipotea wakati wa Waarabu inaweza kuwa na ndugu katika miji hiyo bila kujua.

Baada ya vita

Mwaka wa 1887 Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Mwaka wa 1890 aliondoka, hakurudi tena. Mwana wake Sefu alibaki Kasongo. Vita na dola la Leopold vilianza 1892. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili mwaka huo huo, na Sefu alikufa kabla ya mwaka kwisha.

Wakubwa walikufa au walirudi mashariki. Wangwana wa kawaida walibaki, kwa sababu kwao kulikuwa hapa. Wabeleji waliwaita Waarabishwa, yaani watu walioiga Waarabu, na walikuwa na mashaka na dini yao. Lakini misikiti ilibaki, na Maniema leo inajulikana kama jimbo lenye Waislamu wengi kuliko majimbo mengine ya nchi. Kindu yenyewe ilikua na reli iliyofika Kongolo mwaka wa 1911, na watu wa makabila yote wakaja kutafuta kazi kwenye treni na bandari. Nasaba zikachanganyika tena.

Kwa nini swali hili lina uzito

Mashariki mwa Kongo, maneno “mwenyeji” na “mgeni” yamegharimu maisha ya watu. Ndiyo maana habari za asili hazifai kuachwa mikononi mwa wale wanaozitaka kwa ajili ya uchaguzi, kiti cha ushefu au mpaka wa shamba. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 inaangalia makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa Kongo wakati wa uhuru, mwaka wa 1960. Haiulizi nani alivuka Tanganyika mwaka wa 1860.

Lakini sheria haizimi maneno ya barazani. Bado yapo mashindano ambapo mtu anaambiwa babu yake alikuwa mtumwa, na mwingine anaambiwa babu yake alikuwa muuza watu. Nasaba ya Tippu Tip inaonyesha kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika nyumba moja. Yeye mwenyewe, mkubwa wa misafara, alijitangaza mbele ya Kasongo Rushie kuwa mjukuu wa mwanamke aliyenunuliwa. Na wengi wa wale walioshika bunduki zake waliwahi kuwa watoto walioporwa na bunduki za namna hiyo.

Pa kuanzia

Kazi ya kutafuta imeanza. Mwaka wa 2020 jarida la akiolojia Antiquity lilitoa ripoti ya watafiti wa Kongo na wa nje waliofanya kazi Kasongo, wakichimba pale panapoitwa Tongoni, mahame ya mji wa zamani, na kusikiliza wazee wakisimulia. Jina hilo lenyewe ni ushahidi: kwa Kiswahili, tongo ni mahali palipohamwa.

Familia nayo inaweza kuanza bila kungojea watafiti. La kwanza ni kuwauliza wazee wakiwa bado hai, na kuandika jina, kijiji, mto na jina la shefu wa wakati huo. La pili ni kuuliza upande wa akina mama. Minyororo ya “bin” inapita kwa wanaume tu, na kama tulivyoona, majibu mengi yako kwa mwanamke wa Mbwamaji, kwa Karunde, kwa suria wa Urua.

La tatu ni kuwa mwangalifu na majina. Feruzi, Mabruki, Almasi na Baraka yalikuwa majina waliyopewa mara nyingi watumwa wa pwani na misafara. Lakini majina hayo yamerithiwa na familia huru kwa vizazi vingi, na jina peke yake halithibitishi lolote. Vivyo hivyo jina la Kiarabu halimfanyi mtu kuwa Mwarabu. La nne ni kulinganisha: simulizi ya mzee mmoja iwekwe karibu na ya mwingine wa nyumba tofauti, halafu zote mbili karibu na tarehe zinazojulikana, kama 1871, 1893 na 1911. Mzee anaweza kusahau mwaka, lakini atakumbuka kama nkambo wake alizaliwa kabla ya treni au baada yake.

Kasongo Rushie hakuwa na njia ya kuhakikisha maneno ya mgeni aliyesimama mbele yake. Alikuwa na huzuni ya dada zake, na huzuni hiyo ndiyo iliyoamua. Watu wa Maniema wa leo wana vitabu, wana simu za kuwaunganisha na Ujiji na Dar es Salaam, na bado wana wazee wachache. Hao wazee ndio hawatangoja.